Kiinimacho cha Chaki: Somo la Hesabu Lililolala Barabarani

Mtu apitaye katika baadhi ya miji ya Ulaya wakati wa kiangazi huweza kukuta kundi la watu limeuzunguka mchoro uliochorwa kwa chaki juu ya njia ya waendao kwa miguu. Akiutazama kutoka ubavuni haoni ila rangi zilizovutwa na kurefushwa hata zikapoteza sura: duara limekuwa kama yai, mkono wa mtu una urefu wa mita tatu, na kichwa kimepanuka kama tanga lililojaa upepo. Lakini akielekezwa mahali palipowekwa alama, akasimama hapo na kufumba jicho moja, mambo hubadilika ghafula. Sakafu hupasuka ikawa shimo lenye maji. Chupa husimama wima juu ya mawe. Na mtu aliye hai huonekana ameketi ukingoni mwa kisima ambacho hakipo.

Wengi huondoka wakisema kuwa wameona kiinimacho. Neno hilo lafaa, kwa kuwa limebeba kiini cha jicho ndani yake, na kwa hakika siri ya kazi hii imo katika jicho na mahali jicho liliposimama. Walakini neno hilo lina hatari moja. Katika matumizi ya kila siku kiinimacho ni jambo la kustaajabiwa lisiloulizwa sababu, na anayestaajabu bila kuuliza hatoki na kitu zaidi ya mshangao wake. Hali mchoro wa namna hii una sababu zake zote waziwazi, na sababu hizo zaweza kupimwa kwa rula na uzi.

Hoja ya makala haya ni mbili. Ya kwanza ni kwamba sanaa hii ni mojawapo ya masomo bora ya jometri na ya elimu ya kuona yaliyopata kuwekwa mbele ya umma, na yafaa itumiwe hivyo shuleni. Ya pili ni kwamba wale wanaokusudia kuihamisha kutoka njia ya waendao kwa miguu na kuiweka katika njia ya magari, kwa nia njema ya kupunguza ajali, wamekosea hesabu. Hoja hizo mbili zatoka katika chanzo kimoja, nacho ni jinsi picha hizi zinavyofanya kazi.

Sanaa ya zamani kuliko lami

Uchoraji wa chini barabarani si jambo geni. Nchini Italia, tangu karne ya 16, walikuwako wachoraji wenye kusafiri kutoka mji hadi mji kuzifuata sikukuu za dini, wakichora picha za Bikira Maria mbele ya makanisa na kuishi kwa sarafu walizotupiwa na wapita njia. Kwa sababu ya picha hizo waliitwa madonnari. Katika kijiji cha Grazie, karibu na mji wa Mantova, mashindano yao yamekuwa yakifanyika katikati ya mwezi wa Agosti tangu mwaka 1973.

Picha za wachoraji hao wa kale zilikuwa bapa, yaani zilionekana kuwa picha tu. Aliyezigeuza zikaonekana kusimama na kuzama ni Mmarekani Kurt Wenner. Huyu hakuanza barabarani. Alikuwa mchoraji wa picha za kisayansi katika NASA, shirika la Marekani la uchunguzi wa anga za juu, naye kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa mkono mambo ambayo kamera haikuweza kuyafikia. Mwaka 1982 aliacha kazi hiyo akaenda Roma kujifunza sanaa za kale, na ili apate riziki akaanza kuchora kwa chaki barabarani. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kubuni namna yake ya kuzirefusha picha kwa hesabu, na mwaka 1987 filamu juu ya kazi yake ilitengenezwa na National Geographic. Baada yake wakatokea wengine. Mwingereza Julian Beever alijulikana tangu miaka ya 1990 kwa michoro ya kuchekesha ambayo yeye mwenyewe alipigwa picha akiwa ndani yake, na Mjerumani Edgar Müller mwaka 2008 alichora katika mji wa Dún Laoghaire, nchini Ireland, ufa mkubwa wa barafu uliochukua eneo la kadiri ya mita za mraba 250.

Wenner hakuzua elimu hii pasipo kitu. Huko Roma limo kanisa la Mtakatifu Ignasi, ambalo fedha za kulijengea kuba hazikutosha. Mwaka 1685 bradha Mjesuiti aliyeitwa Andrea Pozzo alichora kuba juu ya kitambaa bapa, na kitambaa hicho kikatundikwa mahali ambapo kuba lingekuwapo. Katika sakafu kimewekwa kipande cha marumaru cha mviringo. Asimamaye juu yake huona kuba limeinuka juu kabisa, na asogeaye mbali huona kuba hilo likiinama upande. Kabla ya Pozzo, mwaka 1533, Hans Holbein alichora picha ya mabalozi wawili, ambayo sasa imo katika jumba la National Gallery mjini London. Miguuni pa mabalozi hao pana alama ndefu isiyoeleweka, ambayo hudhihirika kuwa fuvu la kichwa mara mtazamaji anapokwenda kando kabisa ya picha. Picha za namna hiyo, ambazo sura yake haitengenei mpaka mtazamaji asimame mahali pamoja tu, huitwa na wataalamu anamofosisi.

Ukifuatwa mzizi wa elimu yenyewe, safari haiishii Ulaya. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Kairo katika karne ya 11, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, ambamo alithibitisha kwamba jicho huona kwa kuingiwa na nuru itokayo katika vitu, na kwamba nuru hiyo husafiri kwa mistari iliyonyooka. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 15 Filippo Brunelleschi alifanya majaribio ya kuchora majengo ya Firenze kwa hesabu ya umbali, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaziandika kanuni zake. Mchoraji wa chaki apigaye magoti barabarani leo anamalizia sentensi iliyoanzwa na watu hao.

Taa na kivuli chake

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila mwanafunzi wa sekondari aliyesoma habari za pembetatu zinazofanana anayo tayari. Msomaji na afikirie mtungi uliosimama uwanjani usiku, na taa iliyotundikwa mbele yake. Mtungi utaangusha kivuli chini, na kivuli hicho kitarefuka kwenda upande ulio mbali na taa. Sasa taa iondolewe, na jicho la mtu liwekwe mahali pale pale ilipokuwa taa. Ikiwa kivuli kitapakwa rangi za mtungi kwa ustadi, kisha mtungi wenyewe ukaondolewa, jicho halitaweza kutambua tofauti kwa umbo peke yake, kwa sababu kila mstari wa nuru uliopita katika ukingo wa mtungi ndio unaofika katika ukingo wa kivuli. Hiyo ndiyo siri yote. Mchoro wa anamofosisi ni kivuli kilichovikwa rangi, na taa yake ni jicho la mtazamaji.

Na ipimwe kwa tarakimu. Mtazamaji ana jicho lililo mita 1.6 kutoka ardhini, na mtungi unaotakiwa uonekane una kimo cha sentimita 80, umesimama mita 4 mbele yake. Mstari utokao katika jicho ukapita juu ya mdomo wa mtungi utagusa ardhi umbali wa mita 8. Kwa hiyo mchoro utaanzia mita ya 4 na kuishia mita ya 8: mita 4 nzima za chaki kwa mtungi wa sentimita 80. Upana nao hubadilika. Mdomo wa mtungi wenye upana wa sentimita 20 utachorwa kwa sentimita 40, kwa kuwa umesogezwa mbali mara mbili. Ndiyo sababu atazamaye kutoka ubavuni huona kitu kilichovutwa kikapanuka mwishoni.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha mipaka ya kazi. Mtungi ukiongezwa kimo kufikia mita 1.2, mchoro utaishia mita ya 16, yaani urefu wake utakuwa mita 12. Ukifikia mita 1.6, sawasawa na kimo cha jicho, mstari hautagusa ardhi kamwe, na hakuna barabara duniani itakayotosha. Lakini kwa vitu vilivyo chini ya ardhi mambo huenda kinyume. Jiwe lililo katika kina cha mita 1.6, umbali wa mita 8, huchorwa katika mita ya 4 tu. Shimo halidai urefu wa barabara. Huvisogeza vitu karibu na kuvipunguza. Msomaji aliyepata kujiuliza kwa nini wachoraji hawa hupenda sana mashimo, visima na nyufa, jibu ni hilo, nalo latoka katika pembetatu kuliko katika tabia za wachoraji.

Jicho moja na macho mawili

Ingekuwa hesabu ya mistari peke yake inatosha, mtazamaji asingehitaji kufumba jicho. Sababu ni kwamba ubongo hautegemei umbo peke yake unapokadiria umbali. Macho mawili ya mtu mzima yameachana kwa kadiri ya sentimita 6 au zaidi kidogo, na kila moja huleta picha inayotofautiana kidogo na ya mwenzake. Kwa tofauti hiyo ubongo hutambua kwamba chaki imelala chini. Tena mtu akitikisa kichwa, vitu vya karibu husogea machoni kupita vya mbali, na mchoro uliolala hausogei kama mtungi uliosimama. Jicho likifumbwa na kichwa kikitulizwa, mashahidi hao wawili hunyamazishwa, na ubongo hubaki na ushahidi wa umbo, mwanga na kivuli, ambao mchoraji ameutengeneza wote.

Kamera ina jicho moja nayo haitikisiki. Ndiyo maana michoro hii huonekana kamili zaidi katika picha iliyopigwa kuliko mahali penyewe, na ndiyo maana umaarufu wake uliongezeka sana picha zilipoanza kupelekwa kwa kompyuta na baadaye kwa simu za mkononi. Mamilioni ya watu wanaoijua michoro hiyo hawajapata kuikanyaga. Kilichowafikia ni mchoro pamoja na mahali pa kusimama, ambapo wamekwisha kuchaguliwa na mpiga picha bila wao kushauriwa.

Nani asiyeona?

Hapa pana jambo linalowahusu watu wa Afrika kwa namna ya pekee. Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia William Hudson, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alichapisha uchunguzi juu ya uwezo wa watu wa kutambua umbali katika picha. Aliwaonyesha wafanyakazi na wanafunzi michoro ya mistari iliyo na mwindaji mwenye mkuki, swala, na tembo aliyechorwa mdogo kuonyesha kuwa yuko mbali, kisha akawauliza ni mnyama yupi aliye karibu na mwindaji. Wengi wa wale ambao hawakuwa wamesoma walitaja tembo, kwa kuwa juu ya karatasi ndiye aliyekuwa karibu. Wakahesabiwa kuwa ni watu waonao pande mbili tu. Kutokana na tarakimu za namna hiyo wako waliotaka kuhitimisha kwamba Mwafrika ana upungufu wa kuona.

Mchoro wa chaki wawajibu watu hao vizuri kuliko hoja ndefu. Msomi wa Ulaya akisimama hatua tano nje ya alama, naye huona mawaa ya rangi tu, na hakuna amwambiaye kuwa ana upungufu. Huelekezwa pa kusimama. Picha yoyote ya umbali ni mapatano kati ya mchoraji na mtazamaji: mahali pa jicho, na maana ya alama zilizotumika. Aliyefundishwa mapatano hayo tangu utotoni kwa vitabu, magazeti na picha za ukutani hasahau tu kuwa alifundishwa. Hudhani kuwa alizaliwa nayo. Michoro ya Hudson ilikuwa mistari mitupu, haikuwa na vivuli wala mabadiliko ya unamu wa ardhi yanayousaidia ubongo, na wachunguzi waliomfuata waliikosoa kwa sababu hiyo. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi Waganda nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 1968 ulionyesha kuwa kutambua umbali katika picha za namna hiyo kuliendelea pamoja na elimu ya shule. Jambo linalofundishika si kasoro ya jicho.

Tena mizani yaweza kuinamia upande mwingine. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jamii nyingi, wengi wao wakiwa watu wa Afrika, pamoja na Wamarekani wa mji wa Evanston. Katika kiinimacho kimoja mashuhuri, ambamo mistari miwili iliyo sawa huonekana kutofautiana kwa sababu ya vishale vilivyo ncha zake, waliodanganyika zaidi walikuwa Wamarekani. Wachunguzi hao walidhani kuwa sababu ni kuishi maisha yote katikati ya vyumba na majengo ya pembe za mraba. Maelezo hayo yamebishaniwa tangu wakati huo, lakini tofauti yenyewe ilipimwa. Kila jicho limefundishwa na mahali lilipokulia, na hakuna lililo tupu.

Ni wajibu, kwa hiyo, kwa waandishi wa vitabu vya shule na kwa walimu kukumbuka kwamba mchoro wa moyo uliokatwa katikati, ramani ya vilima, au mchoro wa mashine katika kitabu cha fizikia haujisomi wenyewe. Mtoto anayeshindwa kuuelewa aghalabu hajakosa akili ya sayansi. Hajaonyeshwa pa kusimama.

Barabara ya magari si mahali pake

Sasa yaja hoja ya pili. Katika miaka iliyopita miji kadhaa imejaribu kutumia kiinimacho hiki kuwapunguzia mwendo madereva. Mwaka 2008 mji wa Philadelphia, nchini Marekani, ulibandika juu ya lami vipande bapa vya plastiki vilivyoonekana kama matuta yenye ncha. Mwaka 2010 katika mji wa West Vancouver, nchini Kanada, iliwekwa kwa muda mfupi, karibu na shule, picha ya mtoto wa kike akifukuza mpira katikati ya njia. Mwaka 2016 katika mji wa Ahmedabad, nchini India, na mwaka 2017 katika mji wa Ísafjörður, nchini Iceland, vilichorwa vivuko vya waendao kwa miguu ambavyo milia yake huonekana kuelea hewani.

Wanaoiunga mkono mbinu hii wana hoja zisizostahili kudharauliwa. Rangi ni rahisi kuliko tuta la lami, haiharibu magari, haichelewishi gari la wagonjwa, na dereva anayeshtuka hupunguza mwendo. Katika kijia chembamba ambamo magari hutambaa, kama kile cha Ísafjörður, huenda madhara yasionekane. Lakini barabara nyingi hazifanani na kijia hicho, na ile hesabu ya taa na kivuli haibadiliki kwa ajili ya nia njema.

Na ichukuliwe picha ya kizuizi chenye kimo cha sentimita 40, iliyochorwa kwa ajili ya dereva wa gari dogo mwenye jicho lililo mita 1.2 kutoka barabarani, akiwa bado mita 20. Picha hiyo itaanzia mita ya 20 na kuishia mita ya 30, na kutoka hapo itaonekana sawasawa. Dereva anapoendelea mbele, mahali pa kusimama panaachwa nyuma. Akifika mita 10, picha ile ile huonekana kana kwamba kizuizi kina kimo cha sentimita 60. Akifika mita 5, sentimita 80. Akifika mita 2, mita nzima. Kwa hiyo kitu kinaota mbele ya gari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 kila sekunde, na mabadiliko yote hayo yatatukia katika muda wa kupepesa macho mara chache tu. Nyuma ya gari dogo laja lori, na dereva wake ana jicho lililo mita 2.4. Yeye, akiwa mita 20, huona kizuizi cha sentimita 80 tangu mwanzo. Picha moja imesema maneno mawili kwa watu wawili waliofuatana, na mmoja anaweza kufunga breki hali mwenzake hajaona sababu. Tena juu ya pikipiki, ambayo gurudumu lake huteleza upesi kwa breki ya ghafula, mshtuko huo ni hatari kuliko mwendo uliokusudiwa kuzuiwa.

Lililo baya zaidi huja siku ya pili. Dereva aliyedanganywa jana hadanganyiki leo. Amekwisha kujifunza kwamba katika barabara ile kinachoonekana kimesimama kimelala, na somo hilo halifutiki kwa urahisi. Siku mtoto wa kweli atakapoingia barabarani kuufuata mpira wa kweli, sekunde moja ya kujiuliza kama ni rangi au ni mtu yatosha kwa maafa. Alama za barabarani zimejengwa juu ya ukweli: mstari mweupe ni mstari, tuta ni tuta, na taa nyekundu haisemi mzaha. Mamlaka itakayozoeza madereva kutilia shaka macho yao imeuza kitu cha thamani kwa bei ya ndoo ya rangi. Mahali pa kivuko panahitaji tuta la kweli, mwanga wa kutosha usiku, na milia iliyopakwa upya kila inapofifia. Vitu hivyo havistaajabishi mtu, navyo huokoa.

Chaki, uzi na uwanja wa shule

Ikiwa njia ya magari si mahali pake, uwanja wa shule ni mahali pake hasa. Vifaa vinavyohitajiwa ni mti wenye urefu wa mita 1.2, uzi wa mita 4, sanduku lenye kimo cha sentimita 40, na chaki. Panapokosekana sakafu ya saruji, ardhi iliyofagiliwa na unga wa chokaa au majivu vyatosha. Mti husimikwa wima, uzi hufungwa katika ncha yake, na sanduku huwekwa mita 2 mbele. Mwanafunzi huuvuta uzi kutoka ncha ya mti, ukagusa kona moja ya juu ya sanduku, ukanyooka mpaka chini. Hapo huwekwa alama. Kona za mbele zitaangukia umbali wa mita 3 kamili, na mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi waupate umbali huo kwa pembetatu kabla uzi haujavutwa. Kona zote zikimalizwa, alama huunganishwa kwa mistari, sanduku huondolewa, na pande zake hupakwa kwa weupe na weusi kufuata mwanga. Kisha kila mtoto huja kwa zamu, akaliweka jicho lake katika ncha ya mti na kufumba la pili.

Somo hilo lina faida tatu kwa pamoja. Pembetatu zilizokuwa ubaoni huwa na kazi. Habari za jicho na ubongo huthibitishwa na jicho la mwanafunzi mwenyewe. Na michoro ya vitabu hupata ufunguo. Wala haliwataki walimu wangoje maabara au fedha za kigeni.

Faida ya nne yahusu nyakati hizi kuliko zilizopita. Leo picha humfikia kila mwenye simu, na nyingi hupelekwa ili zishawishi: umati uliofanywa uonekane mkubwa, nyumba iliyofanywa ionekane pana, samaki aliyesogezwa karibu na kamera ili mvuvi asifiwe. Mtoto aliyewahi kulitengeneza sanduku la uongo kwa mikono yake, akaliona limesimama, kisha akasogea hatua moja akaliona limeanguka, ataitazama kila picha akiwa na swali moja mdomoni: aliyeifanya alisimama wapi? Swali hilo ni dogo, lakini taifa lenye watu wengi wanaoliuliza ni vigumu kulidanganya.